Sababu Nne za Kuweka Shamba Rehani

Mjomba wangu Darlis alifanya kazi ofisi ya maji tangu ana nywele mpaka akabaki na kipara, na miaka yote hiyo hakuna mtu kijijini kwetu aliyewahi kunywa kahawa kwa pesa yake. Kwenye kibanda cha kahawa alikuwa anakwenda na sukari yake mwenyewe, kaifunga kwenye karatasi, ili asitozwe ya mwenye kibanda. Watu walimcheka mpaka wakachoka. Halafu akastaafu, akapewa kiinua mgongo chake chote kwa mkupuo, na mtu yule yule akageuka bomba lililopasuka.

Alinunua pikipiki nyekundu. Alinunua spika za kuimbia, kubwa kuliko kabati la mkewe, na sauti yake ya kukwaruza ikawa inafika mpaka msikitini. Alilipia kahawa kibanda kizima, na ndizi za kukaanga juu yake, na walioshiba akawafungia za kupeleka nyumbani. Nilipomuuliza ana mpango gani, alinijibu kwa upole wa mtu mwenye hela.

"Mpwa wangu, mshahara ni wa kula. Huu si mshahara. Hii ni bahati."

"Bahati gani, Mjomba? Walikuwa wanakukata wewe mwenyewe, kila mwezi."

"Wamekata wao, wamerudisha wao. Mimi nimeipata juzi."

Ungefanyaje na mtu kama huyo? Mavuno yalipofika, bahati ilikuwa imekwisha, na zilibaki spika na pikipiki.

Kwetu nyumba na mashamba ni vya wanawake. Mjomba analala kwa mkewe, lakini ndiye mkuu wa nyumba yetu, ana cheo cha Datuk, na kila siku anakuja kwa dada yake, yaani mama yangu, kula na kuamua mambo. Kula hajawahi kukosea. Mama yangu, Rosmaniar, amepita sabini na tano na bado anatwanga pilipili mwenyewe. Mimi ni Marnis, mwanawe wa pekee, nina miaka arobaini na tatu, na kila asubuhi nauza ketupat, wali uliopikwa ndani ya majani ya mnazi yaliyosukwa, kwa mchuzi wa fenesi changa hapo barazani. Sina mume, sina mtoto, wala hakuna ofisi itakayonipa kiinua mgongo. Nina shamba la mpunga, lile la chini ya msikiti, ambalo likitoka kwa Mama linakuja kwangu. Siku kiuno changu kitakapokataa kuinua sufuria, shamba hilo ndilo litakalonilisha. Nalisema mapema ili mtu asije akaniona mkali bure.

Ujinga wenyewe ulianzia kwenye mbio za ng'ombe. Mavuno yakishaisha, tope likiwa bado limejaa mashambani, mafahali wanafungwa wawili wawili na mwendeshaji anasimama nyuma yao, kashika mikia, na akitaka waongeze kasi anaiuma. Hakuna zawadi. Kinachotazamwa ni fahali anayekwenda moja kwa moja bila kuyumba; huyo bei yake inapanda hapo hapo, tope halijakauka. Miaka yote Mjomba alikuwa akisema ule ni mchezo wa watu wasio na kazi. Mwaka huu na yeye hakuwa na kazi, akaenda kusimama ukingoni. Akamwona fahali wa mwendeshaji mmoja, Bustami. Alirudi kwetu ana tope mpaka masikioni na macho ya kijana wa miaka kumi na minane.

"Dada, ile ni mali," alimwambia Mama hata kabla ya kunawa. "Nanunua leo, mwakani nauza mara mbili."

"Akivunjika mguu?"

"Umemwona lakini anavyokwenda?"

"Nimekuuliza mguu, Darlis, unanijibu mwendo."

"Na hela unatoa wapi?" nikadakia mimi, maana bahati ile niliisindikiza mwenyewe kwa macho mpaka ikaisha.

Mjomba akachota mchuzi. Akaongeza mchuzi. Akatafuta kipande cha nyama ambacho hakikuwemo.

"Si lipo lile shamba," akasema.

Mama akaweka kijiko chini. "Shamba la ukoo haliuzwi."

"Nani kasema kuuza? Rehani. Binamu yetu Hajja Yulinar yuko tayari, dhahabu anatoa hata kesho. Anavuna yeye, nikimrudishia dhahabu yake, shamba linarudi nyumbani. Kuna ubaya gani?"

Tulijua wote jinsi mashamba yanavyorudi. Shamba ambalo bibi yangu aliliweka rehani kwa msimu mmoja linavunwa mpaka leo na wajukuu wa watu wengine, na wanavuna vizuri sana.

"Rehani ina sababu nne, Datuk," alisema Mama. Akimwita mdogo wake kwa cheo, ujue amekasirika. "Maiti amelala ndani na hakuna cha kumzikia. Nyumba kubwa inavuja. Cheo cha ukoo kimelala, kinataka kusimikwa mtu. Au kuna mwari amekomaa na hajapata mume. Fahali sijamsikia humo."

Mjomba hakubisha. Alimaliza chakula, akashukuru, akaondoka kimya. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu Mjomba asiyebisha anafikiri.

Siku mbili tatu baadaye nilisikia vishindo juu. Jua lilikuwa linawaka, hakuna wingu hata moja Mlima Marapi, na Datuk wa ukoo wetu yuko juu ya paa, kakunja suruali, kashika bisibisi.

"Mjomba, unafanya nini huko?"

"Nakagua! Mabati haya sina imani nayo!"

"Yana mwaka mmoja!"

"Ndiyo umri wake mbaya huo!"

Mvua ya kwanza ilipokuja, maji yalidondoka katikati ya sebule, kidogo kwa adabu. Mama alisogeza ndoo, akatazama juu, akatazama chini, kisha akamtazama mdogo wake aliyekuwa amekuja mapema siku hiyo kuliko kawaida. "Mabati yangu yamejifungua skrubu yenyewe," alisema. "Yamejifunza wapi?" Kesho yake nilipanda nikazikaza zote. Sababu ya nyumba kuvuja ikafia hapo.

Sababu ya cheo ilikuwa imeshatumika, maana cheo chenyewe alikuwa nacho yeye. Ya maiti sitaki kumsingizia mtu. Nasema tu kwamba wiki ile Mama alipata mafua, na Mjomba alimuulizia hali kwa bidii ambayo hatukuizoea, mpaka Mama akamwambia, "Darlis, nikipona utanisamehe."

Ikabaki sababu moja. Nilikuwa namwekea wali siku hiyo, na nikaona anavyonitazama, taratibu, kuanzia kilemba mpaka kandambili. Hivyo hivyo ndivyo alivyomtazama yule fahali.

"Marnis," akasema, "hivi wewe bado ni mwari."

"Nina miaka arobaini na tatu, Mjomba."

"Mila haikutaja miaka."

Alirudi baada ya siku mbili amechana zile nywele chache za pembeni. Amenipatia mchumba: Bustami mwenyewe, mwenye fahali, mjane wa kiume, mtu mzima, hana makuu. Mama aliacha kutwanga. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Ana meno?"

"Karibu yote."

Sijui nimweleze vipi mama yangu kwa mtu asiyemjua. Kwa zaidi ya miaka ishirini amepeleka mchele, kuku na vitambaa kwenye harusi za mabinti wa wenzake, na kila alichopeleka alikiona kama kitu alichokiweka sehemu, ambacho siku yangu kitarudi. Kila nilipomkataa mwanamume, si mkwe tu aliyempoteza. Walipotea kuku wa miaka ishirini. Sasa mtu huyu, ambaye kwa ajili ya fahali hakutaka hata kusikia neno rehani, alisema bila kupumua: "Kwa harusi ya Marnis, shamba nitaliweka." Na jioni ile ile alitoa sandukuni zile nguo za harusi za nyuzi za dhahabu, akazianika, akawa anazizunguka akiimba. Mjomba aliondoka akipiga honi za pikipiki mpaka barabara kuu.

Kikao cha ukoo kikapangwa Ijumaa. Kwanza Hajja Yulinar atatoa dhahabu, kwa kuwa maandalizi yanataka fedha. Kisha Bustami atanitaka rasmi, na mimi nitaulizwa. Mpango ulionekana wa kawaida kabisa; nilijua nitakataa na dhahabu itarudi kwa mwenyewe, wala sikuutilia shaka, mpaka Bustami alipokuja barazani kula.

Ni mtu mrefu, mkimya, na mkono wake wa kushoto haupandi vizuri kwa sababu mafahali walishamburuta mara nyingi. Sahani ya kwanza aliila bila neno. Nilipompakulia ya pili, akakohoa.

"Dada Marnis, usiwe na wasiwasi na mambo ya Ijumaa."

"Wasiwasi wa nini?"

"Ya posa. Datuk amenihakikishia utanikataa. Mimi najitokeza tu, unakataa, kila mtu anakwenda zake. Sikutaka unione nimekuja kukusumbua."

Upawa ulinibaki hewani, mchuzi unadondoka. "Amekuhakikishia?"

"Amesema tangu una miaka kumi na tisa hujawahi kusema ndiyo, hata kwa kuulizwa kama unataka chai."

"Na dhahabu?"

"Si inatoka mwanzo? Ukishakataa, inakuwa imeshatoka. Hajja hatakubali kuirudisha haraka, atakuwa ameshaingiza watu wake shambani. Basi itakaa ikikungojea upate mchumba mwingine. Datuk anasema badala ya kukaa bure, ikae ikiwa fahali." Aliyasema hayo kwa utulivu, anachovya ketupat yake. Kisha akaniangalia. "Nilidhani unajua."

"Nani angeniambia?"

"Hilo sikulifikiria," akasema, na uso ukamshuka kweli kweli.

Nilikuwa na hasira ya kumwaga sufuria nzima, lakini si juu yake. Nikamuuliza kwa nini anamuuza huyo fahali, ikiwa ni mali kiasi hicho.

"Kwa sababu sasa anakwenda sawa. Mwakani sijui. Na mimi nimefika umri wa kuogopa, Dada. Zamani nikianguka kwenye tope nilikuwa nacheka. Siku hizi nikianguka natulia kwanza, nasikiliza kilichovunjika." Akatazama mkono wake. "Mke wangu alipofariki nilitoka kwao, kama ilivyo mila. Nalala nyuma ya ghala la mpunga la dada yangu. Watoto wake wanakua, ghala litahitajika. Nyumba sina, shamba sina, mwanamume anavipata wapi? Nina fahali."

"Na ikitokea Ijumaa nimekubali?"

"Datuk alisema haiwezekani."

"Nakuuliza wewe, sijamuuliza Datuk."

"Basi sasa hivi naomba sahani ya tatu," alisema, akainamia meza kwa haya, na akaila yote.

Kilichonichoma si dhahabu. Kilichonichoma ni kwamba mtu aliketi mahali akapiga mahesabu yake yote juu ya "hapana" yangu, akaiona imara kuliko mabati, kuliko mguu wa fahali. Na kibaya zaidi, alikuwa sahihi. Wa kwanza nilimkataa kwa sababu alikuwa mlevi, na nilifanya vyema. Wa pili alitaka nihamie Jakarta niuze nguo kwenye duka la dada yake. Wa tatu alikuwa anacheka puani. Kuanzia wa nne sikumbuki sababu. Sababu ziliacha kuja na "hapana" ikaendelea kuja yenyewe, ikiwahi hata kabla mshenga hajamaliza kukaa mkekani. Jioni ile nakuna nazi nilijaribu kusema "ndiyo" kwa sauti, nione inakaaje mdomoni.

"Ndiyo nini?" Mama akauliza kutoka ndani.

"Hakuna kitu, Mama."

Ningeweza kumweleza yote. Lakini alikuwa anapiga pasi nguo za nyuzi za dhahabu kwa mkaa, anaimba, na moyo huo sikuwa nao.

Ijumaa baada ya sala nyumba ilijaa. Wazee wa ukoo upande mmoja, wanawake upande mwingine, Bustami karibu na mlango na shati lililokopwa. Hajja Yulinar alikuja na dhahabu yake kaivaa yote, kila akipokea kikombe inalia. Mjomba alikuwa amevaa kofia ya Datuk na tabasamu.

"Kwa kuwa mambo ni ya kheri," alianza, "tumalize kwanza hili la rehani, halafu..."

"Mjomba, naomba kuulizwa kwanza," nikasema.

"Utaulizwa mwanangu, subira."

"Sababu ya rehani ni mimi. Mtaweka shamba kwa ajili ya bibi harusi ambaye hamjajua kama yupo?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kuna maana hapo. Mjomba akawaza kidogo, na nilimwona kabisa akiamua kwamba haidhuru, ataipata dhahabu hata hivyo, atatafuta maneno ya kuishikilia. Akaniuliza rasmi, kwa ufasaha, kama ninaridhia kuolewa na Bustami. Alikuwa tayari ameanza kutikisa kichwa kwa masikitiko.

"Ndiyo," nikasema.

Bustami aliangusha kipande cha keki kwenye chai yake.

"Umelisikia vizuri swali?" aliuliza Mjomba.

"Nimelisikia."

"Bustami huyu? Huyu hapa?"

"Huyo huyo."

Mjomba akageukia wazee, kisha akanigeukia mimi, jasho likimtoka chini ya kofia. "Mpwa wangu, ndoa si jambo la kukurupuka. Mtazame vizuri. Si kijana tena. Mkono wake mmoja haufanyi kazi. Anakoroma, dada yake analalamika mpaka ghalani wanamsikia. Na harufu, kwa kweli, mimi kama mzazi..."

"Darlis," Mama alisema, "si wewe uliyemleta?"

Watu walianza kucheka, kwanza wanawake, kisha hata wazee. Bustami peke yake hakucheka. Alisema kwa sauti yake ile ya chini, "Kukoroma ni kweli."

Nikatumia nafasi. Nikasema kwamba kwa kuwa bwana amepatikana, sioni haja ya rehani. Tutafunga ndoa msikitini, tutakunywa chai, wageni nitawapikia ketupat mwenyewe, masufuria ninayo.

Hapo Mjomba akapata uhai. "Ketupat! Mpwa wa Datuk aolewe kwa ketupat! Watu watasema nini?"

"Aibu," Hajja Yulinar akasema, bangili zikalia. "Mwana wa pekee. Bila nyama ya nyati, bila ngoma, bila maandamano. Rosmaniar, utaweza kupita sokoni?"

Sikuwatazama wao. Nilimtazama Mama, na pale ndipo nilipoona nimefanya kosa. Fahali asingeweza kuchukua lile shamba, lakini harusi ingeweza. Alichobakiza Mama ni kusema neno moja, naye alikuwa amelingoja tangu nina miaka kumi na tisa. Akilisema, sina tena cha kunilisha uzeeni, na juu yake nimejifunga mume. Mama alinitazama. Akayatazama mavazi ya harusi yaliyotundikwa ukutani. Kisha akainuka kwa kushika bega langu, akaingia chumbani, na tukasikia kitu kikiburutwa chini ya kitanda.

Alirudi na bati la biskuti.

Bati lile nalijua mimi na yeye tu. Ni pesa yake ya kufa. Humo mna sanda yake, wachimba kaburi, chakula cha siku ya tatu, ya saba, mpaka ya mia, asije akamsumbua mtu. Mwaka nilipopasuliwa tumbo, alikwenda kukopa kwa mwanamke wa riba, tukalipa riba hiyo mpaka tukakonda, na muda wote bati limejaa chini ya kitanda alicholalia. Nilimpigia hesabu mara ngapi! Nilimwonyesha kwa mbegu za mahindi sakafuni tunavyopoteza. Aliniangalia kama anamwangalia mtoto mgonjwa. "Hiyo ni ya kufa, Marnis. Haiwezi kutumika kuishi." Tukabishana, nikalia, bati halikufunguka.

Sasa alilitua katikati ya mkeka, mbele ya wazee, akabandua kifuniko kwa kisu cha kukatia keki. Kulikuwa na pete, vipande vya dhahabu, na noti zilizofungwa kwa mipira, nyingine picha zake zimeshabadilishwa na serikali.

"Nyati mmoja," alisema. "Ngoma siku moja, si tatu. Na maandamano, nataka maandamano. Shamba halitoki."

"Dada," Mjomba alisema kwa sauti ndogo, "hiyo si ni ya..."

"Najua ni ya nini. Niliiweka mimi."

Hajja Yulinar alishusha mikono mapajani na dhahabu yake ikanyamaza. Mimi nilitaka kumzuia, kumwambia ketupat inatosha, lakini alikuwa ananitazama kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni pake, na nikafunga mdomo. Nililia mbele za watu wote, na si kidogo.

Basi nikaolewa. Kuku wa miaka ishirini walirudi wote, wengine wakiwa hai, wakajaa uani hatuna pa kukanyaga. Bustami aliletwa kwetu kwa maandamano na Mjomba ndiye aliyemwongoza, kwa kuwa ni kazi ya Datuk, uso umemvimba. Mwanamume akioa anahamia kwa mkewe na vitu vyake. Vya Bustami vilikuwa begi moja na fahali, ambaye sasa hauzwi, maana mwenye nyumba ya kulala hana haraka ya kuuza. Juma la kwanza Mjomba alikataa kumtazama. La pili alisimama mbali. Sasa kila alfajiri anakuja na mundu na mzigo wa majani mabichi aliyokata mwenyewe, anamsugua mgongo, anamwimbia bila spika, na kibandani anawaambia watu "fahali wetu." Amegharamika nini? Jasho. Wakati mwingine nahisi katika sisi wote ni yeye aliyenunua kwa bei nzuri.

Bustami anakoroma kuliko nilivyoambiwa. Asubuhi ananikunia nazi kwa mkono mmoja, polepole, na tunazungumza. Sijajuta, lakini nasema hivyo leo, tuone mwakani.

Lililonikosesha raha lilikuwa Mama. Bati lilirudi chini ya kitanda likiwa tupu, na mimi ni mtu wa hesabu. Siku moja mauzo yalikuwa mazuri, nikajumlisha na zawadi za harusi zilizobaki, nikafunga furushi, nikampelekea chumbani. Alikuwa amekaa kitandani anakunja nguo.

"Mama, nimepiga hesabu. Hii inajaza bati zaidi ya lilivyokuwa. Weka, moyo utulie."

Alilipima furushi mkononi. Alitabasamu, akanirudishia.

"Umeniona nina haraka?"

"Haraka ya nini? Ni pesa yako, mimi ndiye niliyeila."

"Marnis, bati likijaa, mtu anakuwa tayari. Mimi nilikuwa tayari miaka mingi, nakaa tu, nasikiliza kifua changu. Sasa siwezi kufa. Nitakufa na nini?" Akacheka, akafuta machozi kwa ncha ya nguo aliyokuwa anakunja. "Nipe kidogo kidogo. Ya sukari ikibaki, nitaweka. Nina kazi ya kufanya sasa, usiniharibie."

Nilitaka kumweleza kwamba haiko hivyo, kwamba pesa haijui. Mdomo nilikuwa nimeshaufungua. Nikatoka na furushi langu, nikalificha kwenye debe la mchele. Tangu siku hiyo kila jioni nampelekea noti moja, ndogo kuliko zote nitakazopata mezani, na siku nyingine najifanya nimesahau.